Kuhamia pikipiki nyepesi ya safari: mambo ya kupima kwanza, kutoka kwa fundi wa pampu wa Lubumbashi

Kabla ya kuuliza ununue pikipiki gani, laza chini ile uliyo nayo. Tafuta mahali penye nyasi, toa masanduku, funga esansi (petroli), iegemeze taratibu mpaka ilale. Sasa isimamishe peke yako, usiite mtoto wa jirani. Kata usukani mpaka mwisho, igeuzie mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, halafu sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Ukiweza mara tatu mfululizo, endelea nayo kwa amani. Ukiweza mara moja, ya pili ukatafuta pa kukaa, soma mpaka chini.

Mimi sikufanya jaribio hilo kwenye nyasi. Natengeneza pampu za maji. Wateja wangu wako hapa mjini, Kipushi, Likasi, na wengine njia ya Kasenga, upande wa mto Luapula. Miaka saba niliendesha BMW R1150GS niliyouziwa na mzungu wa mgodini aliyekuwa anarudi kwao. Tangi ikijaa lita zake 22, pikipiki ile ina kilo 249, na hapo hujaweka hata spana. Kwenye lami ya Likasi, kilomita 120 hivi, ni kama umekaa sebuleni. Lakini mwezi wa pili mmoja, mvua zikiwa bado zinapiga, gurudumu la mbele lilitelezea kwenye mfereji uliochimbwa na malori njia ya Kasenga, na chuma chote kikanilalia mguu. Buti ndilo lililouokoa. Nililala pale nikisikia esansi ikidondoka, mpaka wakatokea vijana wawili wanaosukuma baiskeli za makala, yaani mkaa. Waliziegemeza kwa vijiti, wakaja kuniinulia. Mmoja akajipangusa matope usoni, akaizunguka pikipiki, akasema:

"Papa, hii nyama yote mulinunua ya nini?"

Nilicheka, lakini swali lake nililibeba mpaka nyumbani.

Kesho yake nilichukua daftari la kazi nikahesabu safari za miezi miwili. Nawe fanya hivyo, tena kwa kalamu, maana kichwa kinapenda kukumbuka zile nzuri tu. Zangu zilikuwa 41. Kati ya hizo, 29 zilikuwa za mjini na Kipushi, 8 za Likasi, 4 za njia ya Kasenga. Safari ya Cape Town, ile niliyoinunulia BMW, haikuwemo. Kila nilipoanguka ilikuwa ndani ya zile 4. Kwa hiyo nilikuwa nabeba kilo 249 kila siku kwa ajili ya raha ya safari 8.

Ukishajua safari zako, ndipo uangalie pikipiki. Nilizoziangalia mimi ni hizi. Honda CRF300L ina kilo 142, na kwa wepesi inapendeza kweli, ila tangi yake haifiki lita 8, na mimi sipendi kazi yangu itegemee chupa za kadafi wa kando ya barabara, ambao huwezi kujua esansi yao imechanganywa na nini. Royal Enfield Himalayan ya 411 ina tangi la lita 15 na kiti kifupi ambacho mtu wa kimo chochote anakanyaga chini, lakini inakaribia kilo 200. Kwa mgongo wangu huko ni kuhama chumba ndani ya nyumba ileile. Honda CB500X nayo iko kwenye kilo hizohizo na ni ya lami zaidi. Kama safari zako zote ni Likasi na Kolwezi, chukua hiyo, usinisikilize mimi.

Niliishia kwa Suzuki DR650, iliyotumika, iliyopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka Afrika Kusini. Kilo 166 ikiwa na esansi. Toa kwenye 249, unapata 83: mfuko wa saruji wa kilo 50, mfuko wa unga wa kilo 25, na bado kilo 8. Huo ndio mzigo niliokuwa nikiubeba bure. Injini ni ya silinda moja, inapozwa kwa hewa na mafuta, haina rejeta ya maji ya kupasuliwa na jiwe. Valvu zake zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kazi ambayo fundi yeyote anayejua pikipiki za zamani anaifanya chini ya mwembe. Imetengenezwa karibu vilevile tangu 1996, ndiyo maana spea zake haziishi.

Sasa kununua. Hapa usiwe na haraka, hata muuzaji akikuambia kuna mtu mwingine anakuja saa nane na dola mkononi. Huyo mtu wa saa nane nimemsikia maisha yangu yote, sijawahi kumwona. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini. Iwashe ikiwa baridi, simama nyuma, tazama moshi: wa bluu usiokatika maana yake inakula mafuta. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole; ukihisi unakwama katikati kama uliokuta kijishimo, bearing zimeliwa. Gonga spoku moja moja kwa spana. Iliyokazwa inalia, iliyolegea inafanya "du". Vuta cheni kwa nyuma ya pinyo kubwa, lile gurudumu la meno: ikiachana na meno, hesabu bei ya cheni na pinyo zote mbili na uitoe kwenye bei yake. Mwisho, piga magoti usome namba ya fremu mwenyewe, herufi kwa herufi, ukiwa na karatasi za forodha mkononi. Usisomewe.

DR650 ina ugonjwa wake mmoja unaojulikana. Ndani ya injini, nyuma ya klachi, kuna swichi ya kuonyesha gia iko huru, imefungwa kwa skrubu mbili ndogo. Zinalegea zenyewe, na ikidondoka moja ikaingia kwenye gia, injini imekwisha. Mekano wangu alifungua, akazikuta zimeanza kucheza, akazipaka gundi ya kukazia skrubu na kuzirudisha. Kazi ya mchana mmoja. Ifanye kabla ya safari ya kwanza, hata kama aliyekuuzia anaapa kwamba ilishafanywa.

Urefu uliniogopesha kidogo, maana kiti kinafika karibu sentimita 89 na mimi si mrefu. Kiwanda kiliacha njia ya kuishusha: amotisere (shokomzoba) ya nyuma inahamishiwa tundu la pili. Lakini ukishusha nyuma, shusha na mbele, la sivyo inakuwa kama punda aliyekalia mkia.

Kosa kubwa nililoliona kwa wengine, na ambalo nusura nilifanye, ni kununua pikipiki nyepesi halafu kuifunga mizigo ya ile nzito. Masanduku yangu ya alumini na vyuma vyake niliyapima kwenye mizani ya mahindi: kilo 19, yakiwa matupu. Niliyaacha kwenye BMW. Fundi cherehani wa mtaa wa Kamalondo alinishonea mifuko miwili ya turubai la lori inayoning'inia pembeni, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Chini kabisa panakaa vizito: spana, mpira wa ndani wa akiba, pampu ya mkono, lita moja ya mafuta ya injini. Nguo na shuka vinakaa juu. Nyuma ya kiti siweki kitu kinachozidi kilo 5, kwa sababu kila kilo inayokaa huko inainyanyua mbele, na mbele ikiwa nyepesi haikusikii kwenye mchanga.

Tairi zake zina mipira ya ndani. Hiyo ni afadhali kwetu, kwa kuwa kwado, yaani mziba pancha, yuko kila kijiji na mpira wa ndani anaujua kuliko kitu kingine chochote. Naweka upepo wa bar 2 kwenye lami, nashusha hadi 1.5 nikifika kwenye udongo, nikirudi lami napampu tena. Ukishusha zaidi ya hapo, mawe yanaubana mpira na rimu na kuutoboa matundu mawili kwa mpigo. Pinyo ya mbele niliitoa ile ya meno 15 nikaweka ya 14. Sasa inapanda polepole kwenye matope bila kuchoma klachi, ila kwenye lami inalalamika ukipita 100.

Hilo la lami nalisema wazi ili usije ukanilaumu. Ukipishana na lori la shaba njia ya Kasumbalesa, upepo wake unakusukuma kando, kitu ambacho BMW haikukihisi. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, usishindane nao. Tangi ni lita 13, kama kilomita 250, kwa hiyo njia ya Kasenga nabeba galoni la lita 5. Likasi nilikuwa nafika kwa saa moja na nusu, sasa ni mbili.

Usiuze ile ya zamani mpaka uendeshe mpya kwenye mvua. Mimi nilikaa nazo zote mbili kuanzia mwezi wa kumi mpaka Krismasi. Wiki ya tatu ya mvua niliangusha Suzuki mara mbili siku moja, nikaisimamisha mara mbili, nikafika kwa mteja na pampu yake kabla ya jua kuzama. Juma lililofuata nikampigia simu mtu wa Kolwezi aliyekuwa anaitamani BMW.

Kilichobaki ni kiti. Kile cha kiwanda ni ubao uliovikwa ngozi. Fundi wa makochi wa mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, alikitoa sponji, akaweka ngumu chini na laini juu, akakipanua sentimita 4 kila upande. Kwangu kinatosha kabisa. Mke wangu alikikalia mpaka Kipushi na kurudi, akashuka, akajinyoosha kiuno, hakusema neno. Siku hizi Likasi anaenda kwa basi, mimi nambebea mfuko.