Kuchagua Jeki na Zana za Kubadilisha Tairi kwa Pikapu ya Zamani

Anayekwenda dukani kununua jeki ya pikapu huulizwa kwanza ni ya tani ngapi, naye hutaja tani, hulipa na kuondoka. Tani zina umuhimu wake, lakini kwa pikapu kama Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, ambazo bado zinabeba mahindi na saruji katika barabara nyingi za Afrika Mashariki, kipimo kinachowaponza wanunuzi ni kimo. Jeki iliyo ndefu kuliko nafasi iliyobaki chini ya ekseli haiingii, na iliyo fupi hainyanyui gari kiasi cha kuvisha tairi lililojaa upepo.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua, na upime tairi likiwa limetolewa upepo, kwa kuwa hivyo ndivyo gari litakavyokuwa siku ya pancha. Hilux yenye rimu za inchi 15 na matairi ya kimo cha sentimita 72 hivi huwa na nafasi ya karibu sentimita 30 kati ya ardhi na bomba la ekseli ya nyuma. Gari likikalia rimu, nafasi hiyo hushuka hadi karibu sentimita 20. Ili tairi zima liingie bila kusuguana na ardhi, bomba hilohilo lazima lifike sentimita 35 au zaidi. Jeki inayofaa hapo ni ile ambayo ikifungwa haizidi sentimita 19, na ikinyanyuliwa pamoja na skrubu yake ya juu hupita 36. Kwa uzito, chagua ya tani 3, kwa sababu pikapu ya aina hii ikiwa tupu ina tani moja na nusu hivi, na mzigo wake karibu wote hukalia ekseli ya nyuma.

Kama gari bado lina jeki yake ya asili ya skrubu, usiitupe. Haina mafuta ya kuvuja, na ukiisafisha meno yake kwa brashi ya waya na kuyapaka grisi itafanya kazi kwa miaka mingi. Jeki ya chupa ya mafuta ni nyepesi kuitumia, ila ijaribu kabla ya kuiamini: nyanyua gari kidogo, acha kwa dakika kumi bila mtu kuingia chini, kisha tazama kama imeshuka au kama mafuta yamelowesha shingo yake. Jeki ya mkasi ya gari dogo iache kabisa, kwani mguu wake ni mwembamba na hulala upande mzigo ukisogea.

Ardhi laini inahitaji ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, wenye unene wa sentimita 3 au 4. Ubao huo nao hula nafasi, kwa hiyo beba ubao wa pili na kwanza usogeze gari polepole ili tairi lililopasuka liupande.

Nati za Hilux nyingi hufunguliwa kwa spana namba 21. Spana fupi yenye umbo la L inayokuja na gari mara nyingi haishindi nati zilizoshikwa na kutu. Mtu wa kilo 60 akiegemea mpini wa sentimita 30 hutoa nguvu ya kuzungusha ya karibu Nm (newtoni-mita) 180, lakini kwenye mpini wa sentimita 60 nguvu hiyo huwa maradufu. Nunua soketi ndefu ya pembe sita pamoja na mpini mrefu imara; soketi ya pembe kumi na mbili hula kingo za nati iliyochakaa, na hapo kazi ya robo saa hugeuka kuwa ya fundi wa kuchomelea.

Jambo linalosahaulika ni tairi la akiba lililofungwa kwa mnyororo chini ya bodi. Fimbo yake ya kuzungushia hupotea magari yanapobadilisha wamiliki, na mtambo wake hukamatwa na kutu. Lishushe leo ukiwa nyumbani, ulijaze upepo na upake mnyororo mafuta.

Siku ya kazi, ukinyanyua gurudumu la nyuma, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu breki ya mkono hukamata ya nyuma tu, na moja kati ya hayo litakuwa hewani. Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kunyanyua. Ukikaza, nenda kwa mkingamo kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, meno yakiwa makavu bila grisi, na malizia gari likiwa chini, kwa nguvu iliyotajwa katika kitabu cha gari. Zikague tena nati baada ya kilomita 50 hadi 100.