Kufufua redio ya lampi: usiiweke mu prizi kwanza!

Kama mzee wa kwenu alikuachia redio ya lampi (zile za kioo zinawakaka ndani), ile ya mbao na kitambaa mbele, tafazali usiiweke mu prizi ati tuone kama inalia. Mzee moja wa Nyawera, hapa Bukavu, aliniletea Philips ya kwao, mutoto alikuwa alishaijaribu, ikalia dakika tatu, kisha moshi, transfo (ile ya chuma nzito inabadilisha kuranti) ikakufa. Na transfo njo kitu utazunguka soko yote ya Kadutu na hautaipata.

Hatua ya 1. Mu shasi (ile bati penye bitu byote bimefungwa) muko volti 250 na kupita, na hata ukitoa prizi zile kondesateri kubwa za filtre (zinachunga kuranti na kuisafisha) zinabakia na kuranti. Chukua rezistansi ya 10 kilo-omu wati 5, unganisha plus ya kondesateri na shasi sekunde kumi, kisha pima na multimetri. Turnevisi hapana, itapiga moto tu. Kama lampi zake zinaanza na U (UCH42, UL41...) mara mingi haina transfo ya kutenga, shasi iko moja kwa moja ku kuranti ya nyumba, kama ungali unajifunza iache.

Hatua ya 2. Piga picha ju na chini mbele ya kukata hata fili moja. Vumbi toa na pinseli kavu. Lampi usipanguse maandiko, yanatoka na kidole na hautajua tena ile ni ECH81 ao ni nini.

Hatua ya 3, fili. Zile za kaucu zinavunjikaka sawa mukate mukavu, zaidi zile zinatoka ku transfo. Toa moja weka moja, usizikate zote siku moja, mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana na nikashinda wiki mbili nikiangalia picha. Weka kamba mupya ya prizi na fizibo. Angalia nyuma kadogo ka kuchagua volti, kasibakie ku 110.

Hatua ya 4 njo penye bantu banaharibu. Kondesateri zote za karatasi, zile za nta ao za lami, badilisha na za plastiki za volti 630. Lakini anza na ile moja inatoka ku lampi ya kwanza ya sauti inaenda ku gridi (muguu wa kuingiza sauti) ya EL84, lampi ya mwisho yenye inasukuma opalera, mara mingi 10 ao 22 nanofaradi. Ikivuja, plus inapita ku gridi, EL84 inavuta kuranti bila kipimo, anodi inakuwa nyekundu sawa makala, na transfo inafuata. Ile ya mzee njo iliua hivyo, kintu cha bei ya beignet mbili! Za filtre weka 47 mikrofaradi, volti 450, usiongeze ati sauti itakuwa safi, EZ80 (lampi yenye inageuza kuranti ya nyumba kuwa ya plus na minus) haipendi kupita 50. Na plus na minus usichanganye, inapasuka. Za mika na za seramiki ziache.

Rezistansi: inua muguu moja, pima, ikipita asilimia 20 badilisha.

Hatua ya 5. Sasa kuranti, lakini kupitia ampuli ya zamani ya wati 60, ya uzi, si LED, uifunge mu mustari moja na redio (kuranti ipite kwanza mu ampuli, njo iende ku redio). Itawaka sana, kisha ipunguke. Ikibakia inawaka sana, toa, kuko kitu imegusana. Ikipunguka, pima muguu wa 2 wa EL84: hapo plus isionekane hata kidogo.

Na bisikuru bya MF (bile bisanduku bidogo bya chuma binachuja steshoni) usibizungushe, hata bikikuita. Bantu banabikaza wakizania bimelegea, kumbe njo reglaji.

Anteni: fili ya mita sita inje ya dirisha, saa mbili za usiku zungusha OC (mawimbi mafupi) polepole. Transfo ya mzee niliipeleka kwa mutu wa kubobina, ikarudi, redio ikalia, na mzee swali yake ya kwanza: Radio Okapi iko wapi? Nikamwambia mzee, ile ni FM, hii posti yenu haina FM. Akanyamaza. Tukaweka telefone yake ku matundu ya PU (ya kuingiza sauti ya gramafoni) kule nyuma (hii ni kwa redio yenye transfo tu), njo akacheka.