Meli ikifunga gati Muscat na mna watoto: namna ya kuuzunguka mji kwa siku moja

Hizi meli za kruzi zinazoondoka Dubai msimu wa baridi nyingi zinapitia Muscat, na kwa familia zinazotoka kwetu Pwani mimi naona hapa ndo kituo chenyewe hasa. Shida ni kwamba meli inafika asubuhi inaondoka jioni, watu wanataka waone kila kitu, matokeo yake watoto wanalia kwenye teksi na baba kanuna. Ushauri wangu ni huu: chagueni kitu kimoja tu cha mbali, kifanyeni asubuhi na mapema, halafu siku yote iliyobaki kaeni Muttrah, hapo hapo meli ilipo.

Kabla hata hujalipia safari, shughulikia viza. Ukitoka Dubai na meli ukaenda Oman kisha ukarudi, kwa nchi ya Emirates (Falme za Kiarabu) wewe umeshatoka nchini na sasa unaingia upya, kwa hiyo kama pasi yako inahitaji viza, ile ya kuingia mara moja haitoshi. Ya Oman nayo ulizeni kampuni ya meli mapema, waandikieni wawajibu kwa maandishi, na mtaje pasi ya kila mmoja, manake kuna familia baba ana pasi ya Uingereza, mama ya Kenya, mtoto ya Tanzania, ukiuliza kwa jumla jumla utajibiwa kwa pasi moja tu.

Halafu kuna suala la saa. Ile ratiba ya kila siku mnayopewa melini ina saa ya mwisho ya kupanda, na hiyo ni kabla ya saa ya kung'oa nanga, msichanganye. Kama mmetokea Doha saa inasogea mbele lisaa lizima, kwa hiyo fuateni saa ya meli. Ukienda kutembea kwa mpango wako mwenyewe ukachelewa, usitegemee meli ikusubiri. Mimi napenda familia iwe imesharudi getini lisaa limoja na nusu kabla ya hiyo saa ya mwisho ya kupanda, watoto wana mambo yao bwana, mara choo, mara kiatu.

Bandari inaitwa Port Sultan Qaboos, mizigo ya biashara ilihamishiwa Sohar mwaka 2014 ila bado ndani hairuhusiwi kutembea kwa miguu, mnapanda basi la bure mpaka getini. Hapo getini madereva teksi watawavamia kwa ukarimu wote. Patana bei kabla hujafungua mlango, taja kwenda, kusubiri na kurudi, taja mpo wangapi, na ulipe mwisho. Na ujue rial moja ya Oman ni kama dola 2.6, kwa hiyo dereva akikwambia "ishirini" usiichukulie kama hela ndogo, hiyo ni zaidi ya dola 50.

Kitu cha mbali ninachokichagua mimi ni Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, kama nusu saa kwa gari kama barabara haijajaa. Wageni wasio Waislamu wanaruhusiwa Jumamosi mpaka Alhamisi, saa mbili mpaka saa tano asubuhi, ndo maana nasema muanze na huu. Waislamu mnaingia kusali kama msikiti mwingine wowote. Akina mama na mabinti wakubwa mtandio kichwani, mikono na miguu ifunikwe, dera jepesi refu na mtandio vinatosha kabisa ila hakikisheni mikono ya dera ni mirefu. Baba asivae kaptula. Ukishaingia ukumbi mkubwa usikimbilie kupiga picha ile taa, japo ina urefu wa mita 14 na kila mtu anaitolea macho. Inamisha watoto waangalie zulia. Lina zaidi ya mita za mraba 4,000 na uzito wa tani 21, limefumwa Iran kwa mikono, vipande vipande, vikaja kuunganishwa hapa hapa ndani, kazi ya wanawake kama 600 kwa miaka minne. Mtoto akielewa kwamba kila fundo dogo kuna mtu alilifunga kwa vidole vyake, ukumbi wote unabadilika machoni pake.

Meli ikifika Ijumaa geuzeni mpango. Msikiti haupokei watalii siku hiyo, na asubuhi maduka mengi sokoni yamefungwa, kwa hiyo asubuhi ni Corniche, ile barabara ya kando ya bahari, na ngome, soko liwe alasiri.

Siku nyingine mkitoka msikitini rudini moja kwa moja Soko la Muttrah, manake saa saba mchana linafunga mpaka jioni. Toka getini ni mwendo wa kama robo saa kwa mguu, njiani mtapita nyumba nyeupe zenye roshani kama za Mji Mkongwe, ule ni mtaa wa Walawatia, jamii moja ya Waomani wa hapa, ni makazi ya watu, tazameni kwa nje tu. Ndani ya soko msiishie maduka ya mwanzo, bei zao ni za watu wa meli. Ubani ndo wa kununua, unatoka Dhofar, kusini mwa Oman, na ule bora wanauita hojari. Usinunue mfuko uliofungwa tayari. Mwambie akumwagie kiganjani: mzuri una madonge makubwa, meupe yanayoelekea kijani, ukiyainua kwenye mwanga yanaangaza kidogo, ule wa kahawia wenye vumbi vumbi ni wa bei rahisi. Muombe aweke punje moja kwenye kaa la moto unuse kwanza, hakatai. Halua pia onjeni kabla, wanawapa kwa kijiko, iwe ya moto na mafuta ya samli yanang'aa juu, mtoto atakwambia mwenyewe hii ni ya nyumbani.

Na ongeeni Kiswahili jamani. Wauzaji wengi ni Wahindi na Wabangladeshi, lakini ukimuona mzee wa Kiomani amekaa, msalimie, salamu aleikum kisha jaribu shikamoo. Familia nyingi zilikuja huku kutoka Unguja na Pemba baada ya 1964, wengine bara, wengine mpaka Burundi na Congo, na mazungumzo yanaweza kuchukua muda kuliko manunuzi, acheni yachukue.

Mchana kuleni pale karibu na soko la samaki, au tafuteni mishikaki na chai ya maziwa. Jua likipungua tembeeni Corniche mpaka bustani ya Riyam, kuna sehemu ya watoto kucheza na juu ya kilima kuna chetezo kikubwa mno cheupe. Maji chukueni mengi, hata Januari.

Kama muda upo, chukueni teksi dakika chache mpaka Muscat ya zamani. Kasri la Al Alam mnaliona kwa nje tu, ila uwanja wake ni mpana watoto wakimbie. Pembeni kuna ngome za Mirani na Jalali, za Wareno, walioukamata mji huu 1507 wakafukuzwa 1650, na Waomani hao hao wakaja kuwatoa Fort Jesus Mombasa 1698. Waambieni watoto pia habari ya Seyyid Said, sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, na 1856 akafia baharini akiwa anarudi huko kutoka Muscat.

Jambo la mwisho, kama baba amenunua jambia la pambo sokoni, ajue litaonekana kwenye mashine ya ukaguzi wa meli. Asilifiche kwenye begi la mtoto. Alitoe mwenyewe, meli nyingi wanalichukua wanakuwekea, adai risiti, aje alichukue siku ya kushuka.