Kumwita mzee aje kusimulia shuleni: ninavyofanya Kisoro

Kila 30 Septemba watu wengi Kanada huvaa shati la rangi ya machungwa kwa ajili ya waliopitia shule za bweni. Phyllis Webstad alikuwa na miaka 6 alipopelekwa huko mwaka 1973, amevaa shati jipya alilonunuliwa na bibi yake. Siku ya kwanza tu wakamvua, asilione tena. Watoto zaidi ya 150,000 wa wenyeji wa asili walipitia shule hizo, wakikatazwa lugha ya mama. Wengine walifia hukohuko.

Nafundisha Kiswahili Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, na darasani naanza na shati hilo. Kisha tunamsikiliza jirani yetu Mbatwa, mmoja wa wenyeji wa asili wa misitu ya huku. Visa hivi siyo kimoja, nawaambia hivyo wanafunzi. Batwa walitolewa kwenye misitu, Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, wakabaki bila ardhi.

Ukitaka kufanya kwenu, mwendee mzee nyumbani wiki mbili kabla. Usimtume mtu wa boda. Muulize atapenda kusema nini, na jambo gani lisiguswe. Mwaka wa kwanza sikuuliza. Nilimwomba bibi mmoja aje amevaa ngozi, awachezee watoto ngoma. Alikuja na gauni lake la kanisani, akaketi, akasema: "Mwalimu, umeniita nisikilizwe au nitazamwe?" Nilimwomba radhi palepale, wanafunzi wakisikia.

Mkalimani amchague yeye. Malipo na nauli mpe kabla hajaanza, faraghani. Nguo kuukuu siyo malipo. Simu zote ziingie kikapuni.

Akinyamaza, nyamazeni. Bibi yule alipofika kwenye habari za kaburi la mama yake, lililobaki msituni, alikunja leso gotini, akaikunjua, akaikunja tena. Hakuna aliyekohoa. Msichana wa mstari wa mbele alisogeza kikombe cha chai karibu na mkono wake, akarudi kukaa.

Kesho yake tunasoma uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Uganda wa 19 Agosti 2021, uliokiri kwamba Batwa hawakulipwa fidia ya kutosha. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule zile za bweni, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Darasa langu huandika mmoja tu, ambao wao wenyewe watautimiza kabla ya Krismasi. Mwaka jana waliandika: "Tutawaita majirani zetu kwa majina yao." Karatasi hiyo niliipeleka kwa bibi, nikamsomea. Akataka majina ya walioandika, mmoja mmoja.