Namna ya Kuisoma Taswira ya Sinia la Mạnh Quang katika Ushairi wa Vietnam

Msomaji wa tungo za kale za Vietnam akikutana na mke anayeinua sinia hadi usawa wa nyusi, asiharakishe kuihesabu kuwa sifa ya utiifu tu. Kwanza airejee hadithi yenyewe, ambayo Wavietnam waliipokea kutoka China pamoja na mafundisho ya Confucius, na ambayo imo katika historia ya nasaba ya Han ya Mashariki.

Mạnh Quang, mwanamke mnene, mweusi, mwenye nguvu za kunyanyua kinu cha jiwe, alikataa wachumba hadi akafikisha miaka 30, akisema kwamba hamtaki ila mtu mwema mfano wa Lương Hồng, msomi fukara. Msomi huyo aliposikia, akamposa. Bibi arusi alifika amejipamba, na mumewe hakumsemesha kwa siku saba, mpaka alipovaa nguo za kazi. Baadaye, walipokuwa ugenini huko Wu, eneo la mashariki mwa China, mume akawa kibarua wa kutwanga nafaka, na kila aliporudi mkewe alimwandalia chakula na kumwinulia sinia bila kumkazia macho. Mwenye nyumba alipoyaona hayo, akasema kuwa kibarua anayeheshimiwa hivyo na mkewe si mtu wa kawaida.

Huo ukibarua usiupuuze. Heshima inayosimuliwa inamwendea mtu asiye na mali wala cheo, tena aliyechaguliwa na mwanamke mwenyewe. Ukiliacha hilo, kinachobaki ni tam tòng, yaani kumtii baba, kisha mume, kisha mwana.

Halafu tafuta alama aliyoitumia mshairi, kwa kuwa ni nadra kisa kusimuliwa kizima. Pengine ni sinia; pengine ni bố kinh, sketi ya kitambaa duni na kijiti cha kubania nywele, mavazi ya mke huyohuyo.

Mwisho, angalia ni nani anayesema. Katika Truyện Kiều, utenzi wa Nguyễn Du (1766–1820) kuhusu msichana Kiều, mpenzi wake Kim Trọng anapoanza kuvuka mipaka faraghani kabla ya ndoa, Kiều ndiye anayeitaja bố kinh: ikiwa amehesabiwa miongoni mwa wake wa namna hiyo, basi katika njia ya kumtii mume usafi wa mwili ndio wa kwanza. Kanuni ya kumtii mume inageuka hapa kuwa kizuizi kwa mwanamume, na mshairi anaongeza kwamba Kim Trọng, kwa kusikia maneno hayo, alizidi kumheshimu Kiều.