Umeulizwa nini? Kukubali na kuthibitisha kwa Kiingereza

Somo hili ni la wanaopokea wageni hapa Bagamoyo: waongoza watalii, wahudumu wa migahawa, madereva wa bajaji. Kwetu "ndiyo", "haya" na "sawa" humaliza kazi. Kiingereza kinataka kwanza ujue umeulizwa nini.

Hatua ya 1: angalia kitenzi cha jibu lako, si kauli ya mwenzako. Wengi huangukia hapa. Mgeni anauliza, "You don't have change?" Sisi, kwa "Huna chenji?", hujibu "Ndiyo, sina", maana tunaikubali kauli yake. Ukimwambia "Yes" tupu, anaelewa chenji unayo. Yeye kanyoosha noti ya 10,000 anangoja, na wewe unamngoja yeye. Kwa Kiingereza "yes" huandamana na kitenzi cha kukubali, "Yes, I do", na "no" na cha kukanusha, "No, I don't". "Yes, I don't" haipo. Mpaka uzoee, usijibu kwa neno moja. Ule mkia ndio unaokuokoa.

Hatua ya 2: tenga ombi na taarifa. "Can you wait for me?" ni ombi, na "Sure" au "Of course" zote zinafaa. Lakini "Is Kaole far from here?" anataka kujua tu. Hapo "Of course" ina harufu ya "hata hilo hulijui?" Mjibu, "About five kilometres." Na "I'm sure" si "Sure": hiyo ni "nina hakika", haikubali ombi lolote.

Hatua ya 3: "That's right" ni "ndivyo", kwa jambo lililokwisha kupangwa. "All right" ni "haya basi", kwa jambo unalolikubali sasa hivi. Mgeni akihakikisha, "The boat leaves at six?", kumbuka "six" yake ni saa 12 yetu. Ukithibitisha huku kichwani una saa 6 mchana, atasimama ufukweni alfajiri peke yake. Jibu likamilike: "That's right, six in the morning."

Hatua ya 4: "I agree" ni ya maoni, kama vile jua ni kali mno kutembea. Akisema leo Ijumaa, "Yes, it is" yatosha. Wala usiseme "I am agree". "Agree" ni kitenzi, hakibebi "am".

Maswali ya wanachama

Mgeni akiuliza "Do you mind if I sit here?" nami nataka akae, si "Yes"?
Hapana. Anauliza kama utakereka. Sema "Not at all", na umwoneshe kiti.

Kasema "I don't eat octopus", nami sili. "Me too"?
"Me neither." "Me too" hufuata kauli ya kukubali.

"I think so" inafaa kuthibitisha bei?
Hiyo ni "nadhani". Bei haidhaniwi, itaje.

Nimetaja bei ya pweza, mteja kasema "I see". Niweke jikoni?
Bado. Hiyo ni "kumbe": amesikia, hajaagiza. Ngoja "OK, I'll have it."