Jinsi ya kulisoma neno "msofisti" katika maandiko ya Wagiriki wa kale

Ukikutana na neno hili, ambalo kwa kawaida huwataja walimu wa Ugiriki ya kale waliofundisha ufasaha na elimu nyingine kwa ada, usikimbilie kulisoma kama "mlaghai wa maneno". Tazama kwanza limeandikwa lini. Mwanahistoria Herodotus, katika karne ya 5 KK, anamwita mwanafalsafa Pythagoras sofistesi (ndilo neno lenyewe kwa Kigiriki) bila kumtukana. Maana yake ni mjuzi. Kashfa ilikomaa baadaye, hasa kwa kalamu ya mwanafalsafa Plato.

Kisha uliza ni nani anayesema. Wengi huteleza hapa. Vitabu vya msofisti Protagoras wa Abdera karibu vyote vimepotea, na anayetusimulia habari zake kwa kirefu ni Plato, mpinzani wake. Kwa hiyo itenge kauli yenyewe, kwamba mtu ni kipimo cha vitu vyote, na maelezo ambayo Plato anaibebesha. Kwa Gorgias wa Leontini, msofisti mwingine, tuna bahati: hotuba yake ya kumtetea Helen, mwanamke wa hadithi za Kigiriki aliyelaumiwa kwa vita vya Troy, ipo mpaka leo, nayo ni fupi. Anza nayo. Anataja sababu nne zilizoweza kumpeleka Troy, yaani miungu, nguvu, maneno na mapenzi, kisha anaonyesha kwamba katika kila moja Helen hana lawama. Isome kwa sauti uone sentensi zinavyopimana.

Suala la ada lihesabu kwa fedha yao. Plato anamtaja Evenus wa Paros akitoza mina 5, yaani drakma 500, na drakma moja ilikaribia ujira wa fundi kwa siku. Mahakamani Athens kila mtu alijitetea kwa kinywa chake, hivyo ufasaha wa kununuliwa uliwapa matajiri silaha; si ajabu watu walikasirika. Hata hivyo kutoza ada si ushahidi wa uongo. Isocrates, mwalimu wa ufasaha, aliwaandika wasofisti vibaya, naye akitoza wanafunzi wake.

"Kuitia nguvu hoja dhaifu", tuhuma waliyotupiwa wasofisti, nako husomwa vibaya, kana kwamba ni kugeuza uongo kuwa kweli. Hoja inaweza kuwa dhaifu kwa kukosa msemaji tu. Tuhuma hiyo Aristophanes, mtunzi wa michezo ya vichekesho, alimtwika mwanafalsafa Socrates jukwaani mwaka 423 KK, ingawa Socrates hakufundisha kwa malipo.

Tena, hawakuwa shule moja. Hippias wa Elis alifundisha hesabu na elimu ya nyota. Prodicus wa Ceos alichambua tofauti za maneno yanayokaribiana maana. Sentensi ikianza na "wasofisti waliamini", tafuta jina la mmoja kabla hujaikubali.